Kaboni Aliyoichoma Baba

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mtambo wa ilusheni, yaani wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, nje kidogo ya Kahama. Wachimbaji wadogo wa kwetu huloweka marudio, yaani mchanga ambao ulishaoshwa kwa zebaki, ndani ya mabwawa yenye maji ya sayanaidi. Maji yale huyeyusha dhahabu iliyobaki, na kaboni huinyonya. Kaboni yenyewe ni vipunje vyeusi vya vifuu vya nazi vilivyochomwa. Ikishashiba huletwa mtamboni kwa magunia, ikachemshwa na kostiki, yale magadi makali, mpaka iachie dhahabu, kisha hurudishwa tanurini ichomwe kwa mvuke ili ipate nguvu ya kunyonya tena. Tanuri hilo ndilo lilikuwa la baba. Alilisimamia bila kitu puani zaidi ya leso.

Nilipoingia chuo kikuu kule Dar es Salaam kusoma kemia, mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Chai aliinywa kwa kushika kikombe kwa mikono miwili. Mama alimpeleka kwa mganga upande wa Ushirombo, wakarudi na dawa ya kuoga. Majirani walisema ni uzee, na baba hakuwa mzee.

Kazi yangu ya shahada ya pili ilikuwa kutengeneza kichocheo cha seli ya hidrojeni, kifaa kinachotoa umeme bila kuchoma kitu. Likizo moja nilimweleza baba tukiwa tumekaa nje ya jiko la mama.

"Gesi ya hidrojeni ikigusa platini, inaachana na umeme wake," nilimwambia. "Lakini platini ni adimu. Kwa hiyo tunaitawanya juu ya kaboni, chembe ndogo kabisa, ili isipotee hata moja."

Akacheka. Ilikuwa zamani sijamsikia akicheka.

"Kumbe mnafanya kinyume chetu. Sisi tunahangaika kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ninyi mnahangaika kuipandikiza."

Nikamwambia kwamba kaboni niliyotaka kutumia ingetoka kwetu, kwenye pumba za mpunga, yale maganda yanayorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa na kuungua yenyewe wiki nzima. Shida yangu ilikuwa tanuri. La chuoni lilikuwa limeharibika na fundi hajulikani atakuja lini.

"Tanuri?" baba akasema. "Mayu, tanuri ninalo mimi."

Kisukuma mayu ni mama, na baba aliniita hivyo alipofurahi.

Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokaa naye nikiwa mtu mzima. Tulichoma pumba ndani ya pipa lililofunikwa na kuzibwa kwa udongo, ili zisigeuke majivu. Tuliziosha kwa kostiki kutoa ile sehemu inayofanana na kioo, ambayo maganda ya mpunga yanayo kwa wingi. Baba alinizuia nisiguse kostiki, akanivalisha glavu zake na yeye akabaki mikono mitupu. Aliomba ruhusa kwa bosi, akaipitisha kaboni yangu kwenye tanuri lake. Alijua imeiva kwa kuchukua punje na kuisaga kwenye kucha ya kidole gumba. Aliifunga kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, akaandika kwenye kifuniko kwa herufi zilizopinda kwa ule mtetemeko: MALI YA CHUO. Akanisindikiza stendi akiwa ameibeba mwenyewe, hakukubali nimpokee.

Maabarani niliilowanisha kaboni ile kwenye maji ya chumvi ya platini, yenye rangi ya chai ya rangi nyepesi. Chupa ya chumvi hiyo ilikuwa ndogo kuliko chupa ya dawa ya macho, na niliisubiri kutoka ng'ambo muhula mzima. Nilidondoshea dawa inayoigeuza chumvi kuwa metali, rangi ikafifia mpaka maji yakawa meupe. Maana yake platini ilikuwa imeshika. Nilikausha, nikasaga, nikapaka kwenye karatasi ya seli, nikafunga seli na kufungulia gesi.

Mshale wa kipima umeme uliinuka kidogo, ukalala.

Nilirudia. Ukainuka, ukalala. Mara ya tatu nilitumia chumvi yote iliyobaki, na haukuinuka kabisa. Mwalimu wangu, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, akasema tusilaumu platini, tupime kaboni.

Majibu yalikuja kwenye karatasi moja. Kaboni ilikuwa imejaa zebaki. Zebaki hupanda juu ya platini na kuiziba, na platini ikishazibwa haifanyi kitu. Mwalimu alikuwa akinieleza hayo taratibu, lakini sikuwa nikisikiliza habari za platini. Nilikuwa nikilifikiria lile tanuri. Zebaki ya marudio huja na kaboni, na moto huipeperusha. Kama iliingia kwenye pumba zangu kwa kupita mara moja tu, yule aliyesimama pale kila siku je?

Nilipanda basi kesho yake. Nilimkuta baba ameshaachishwa kazi, kwa sababu alikuwa akiangusha vitu. Alikuwa amekaa kitandani, ufizi umevimba. Kabla sijamaliza kusema shikamoo akaniuliza:

"Iliwaka?"

Mama alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu pale nje, naye alikuwa amenishika mkono na kuniambia, "Usimwambie. Ndicho kitu pekee anachojivunia."

"Iliwaka, baba," nikasema.

"Nilijua. Ile niliichoma vizuri."

Tulimpeleka hospitali, nikamweleza daktari habari za zebaki faraghani. Akatikisa kichwa. Figo zilikuwa zimeshakwenda. Baba alifariki wakati wa kuvuna mpunga, na jamaa waliokuja msibani alikuwa ameshawaambia mapema, akiwa bado ana sauti, kwamba kaboni yake inatoa umeme Dar es Salaam. Walinipa pole na hongera kwa pamoja.

Tanuri la chuo lilitengenezwa, nikachoma pumba nyingine, mshale ukainuka na kukaa. Nilipewa shahada. Mpaka leo sijui kama nilimtendea baba haki au nilimnyang'anya kitu ambacho kilikuwa chake kukijua.

Baada ya arobaini nilikwenda mtamboni na ile karatasi ya majibu. Bosi aliniuliza nimetumwa na ofisi gani, nikaikunja karatasi yangu, nikamwacha. Kwenye tanuri alikuwapo mtu mwingine, wa makamo, leso puani. Nilimweleza kilichomuua aliyekuwapo kabla yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, koleo mkononi.

"Pole sana, dada," akasema. "Na mimi nikitoka hapa, wanangu wale kaboni?"

Akaniomba nisogee kando, mvuke ulikuwa unafunguliwa.