Mchango wa kwanza umetoka kwenye mafuriko

Leo nimenyamazishwa na mtu aliyelala juu ya meza.

Maji yameingia majumbani kule Pande. Asubuhi nikaandika kwenye grupu letu la kina mama: "Jamani, tuwachangie wenzetu. Tumeni kwenye simu yangu, leo leo nawanunulia unga."

Nikarudi jikoni. Uji haujachemka, meseji hiyo, hela imeingia!

Nasoma jina: Somoe.

Somoe wa Pande! Huyo huyo aliyelala juu ya meza na wanawe, tunayemchangia! (Chaji kaipata wapi, sijui.)

Nikampigia. "Shoga, umekosea. Huu mchango ni wako wewe."

"Sijakosea. Misiba yenu nachanga, harusi zenu nachanga. Leo ndiyo mniruke? Jirani yangu hana simu wala unga. Mpelekeeni."

Nikaipiga picha ile meseji, nikaitupia kwenye grupu bila neno.

Wallahi, simu haikunyamaza tena. Alasiri bodaboda imeshusha unga Pande, na jirani kapewa wa kwanza.

Haya, nyie mliosoma mkakaa kimya: Somoe anawasalimia.

Namba yangu mnayo.