Mkwe wa Victoire

Léontine alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mjane, mwenye sauti ya chini iliyokwaruza kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Alikaa Skärholmen, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya wazee upande wa magharibi wa jiji. Aliwaogesha, akawalisha, akawasikiliza wakisimulia ujana wao kwa Kiswidi ambacho mara nyingine alikielewa nusu tu. Hakuwa mtu wa kusemwasemwa. Miongoni mwa Wakongo wa Stockholm jina lake lilitajwa mara chache, na kwa wema, mpaka siku alipoipokea simu ya Asifiwe.

Lakini habari yenyewe inaanzia Bukavu. Léontine alisoma huko katika chuo cha ualimu, akilala hosteli ya masista pamoja na wasichana wengine wanane wa korido moja. Walijiita Wasiotengana. Walipika sufuria moja, walisukana nywele, na mmoja akishikwa na malaria wengine walipokezana kukaa kitandani pake. Walikuwa na sheria moja waliyoiapa wakiwa wameshikana mikono: aibu ya mmoja wao haitolewi nje kabla haijazungumzwa ndani. Kisha vita vikaja, hosteli ikafungwa, na wale tisa wakatawanyika. Wawili walifariki. Wengine walikwama Kampala na Lubumbashi. Wanne, baada ya miaka mingi ya kuzunguka, walijikuta katika jiji hili: Léontine, Victoire, Gaëlle na Dativa.

Kati ya hao, Victoire alikuwa kipande cha moyo wake. Siku za kukimbia walitembea pamoja, na homa ilipomwangusha Léontine njiani, Victoire alimbeba mgongoni kutwa nzima, kisha siku ya pili yake akambeba tena. Léontine hakuwahi kulisahau hilo. Victoire hakuwahi kulikumbusha.

Hapa Stockholm walikutana kila mwezi, wakala sombe ya majani ya muhogo, wakaongea, wakaagana. Gaëlle, aliyekuwa kiongozi wao tangu hosteli, ndiye aliyeona kwamba hayo hayatoshi. Alikuwa amekutana na mwalimu mstaafu aitwaye Elsa, msimamizi wa shirika dogo la wanawake wa kujitolea lenye vyumba viwili katika kitongoji cha Vällingby. Shirika hilo lilikuwa na simu ya kuwasaidia wanawake wanaoteswa majumbani, na Elsa alitafuta watu wa kuipokea kwa lugha mbalimbali.

"Sisi tumesaidiana wenyewe kwa wenyewe miaka thelathini," Gaëlle aliwaambia. "Kuna wasichana wanakuja hapa hawana dada hata mmoja. Twende wote wanne."

Wakaenda. Walifundishwa Jumamosi sita mfululizo. Walitia sahihi karatasi ya kutunza siri, na Elsa akawaeleza mambo mawili pole pole ili yasipotee kwenye tafsiri. La kwanza, linalosemwa kwenye simu halimfikii mtu yeyote nje ya shirika. La pili, ukimtambua anayepiga, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, kesi apewe mwingine.

Victoire akawa bora kuliko wote. Kiswidi chake kilinyooka, na hakuogopa ofisi yoyote. Aliwasindikiza wanawake kwa mawakili, aliwashika mikono mahakamani, na kile kikaratasi cha Kiswahili kilichobandikwa makanisani na kwenye maktaba alikiandika yeye. "Mama, hauko peke yako," ndivyo kilivyoanza, na namba ya simu chini yake.

Alhamisi moja ya Oktoba, mchana, Léontine alikuwa peke yake kwenye chumba cha simu. Ilipolia, alisikia kwanza maji yakimwagika, kama mtu aliyefungulia bomba makusudi.

"Halo, mama. Ni hapo wanasaidia?"

"Ni hapa. Ongea tu, mwanangu. Una nafasi ya kuongea?"

"Kidogo. Niko bafuni."

Sauti ilikuwa ya msichana, Kiswahili chake cha Bukavu kabisa. Alisema ana mwaka na miezi miwili Uswidi, aliletwa kwa ndoa. Mume wake anaendesha lori, hulala nje siku nne kwa juma. Yeye hukaa kwa mama mkwe. Hajawahi kupelekwa shule ya Kiswidi. Analea mapacha wa wifi yake tangu asubuhi mpaka jioni, anapika, anafua, na akitaka kutoka lazima atoke na mtu. Pasipoti na kadi ya ukaazi vimefungiwa kabatini.

"Mama mkwe ananiambia nikitoka tu, serikali itanirudisha kwetu kesho yake. Ni kweli, mama?"

"Si hivyo. Kuna njia. Anakupiga?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Si kila siku."

"Namba hii umeipata wapi?"

"Kwenye mkoba wake. Yeye mama mkwe yuko kwenye kikundi chenu. Ndiye anaandika hizi karatasi. Nakuomba sana, yeye asijue."

Ndipo Léontine alipomfahamu. Alikuwa amecheza kwenye arusi yake. Aliyekuwa bafuni kule Upplands Väsby, mji mdogo nje ya jiji, alikuwa Asifiwe, mke wa Vainqueur, mtoto wa kwanza wa Victoire.

Alitakiwa kufanya jambo moja tu, nalo alilijua. Elsa alikuwa chumba cha pili akipanga viti. Léontine alimwambia msichana apige tena Alhamisi ijayo saa ileile, akakata simu, akaandika kwenye daftari: "Mwanamke kijana. Atapiga tena." Elsa alipochungulia mlangoni kumuuliza kama kila kitu kiko sawa, alijibu kwamba ndiyo.

Siku mbili hakula vizuri. Kazini alimvalisha mzee mmoja soksi zisizolingana, akagundua jioni. Kila alipofikiria kumwambia Elsa, aliona polisi mlangoni kwa Victoire, aliona kanisa zima likigeuza shingo. Na alijiambia kwamba yeye ndiye mtu pekee ambaye Victoire angemsikiliza. Angeongea naye polepole, ndani, kama walivyoapa. Asifiwe angepewa pasipoti yake, angepelekwa shule, na hakuna mtu ambaye angevunjika. Alilirudia hilo mpaka likaonekana kuwa busara.

Jumamosi alipanda treni kwenda Upplands Väsby bila kupiga simu kwanza.

Victoire alimpokea kwa furaha. Mapacha walikuwa wakitazama katuni sebuleni. Nyumba iling'aa, na kutoka jikoni ilisikika sauti ya sahani. Waliketi, wakaulizana habari za afya, wakacheka habari za Dativa na mguu wake alioutegua akicheza. Kisha Léontine akasema, akijaribu kuifanya sauti yake iwe nyepesi:

"Na mkwe wetu? Ameshaanza Kiswidi?"

"Ataanza. Bado anazoea."

"Mwaka mzima, ma sœur, dada yangu?"

Victoire alimtazama. Wakati huohuo Asifiwe alitoka jikoni na sinia ya chai, macho chini. Alikuwa amekonda tangu arusi.

"Karibu, mwanangu," Léontine akamwambia. "Umeshindaje?"

Asifiwe akasimama. Aliinua macho akamtazama mgeni usoni, akatazama midomo yake, na Léontine akajua kwamba sauti yake imetambuliwa. Alikuwa ameiwazia safari ile kwa siku mbili na hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja.

"Weka chini hiyo chai," Victoire alisema. Asifiwe akaiweka, akarudi jikoni, na sahani hazikusikika tena.

Victoire hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa chumba kimoja na Léontine namna wanawake wanavyoonekana wanapoogopa. Aliwatazama kwanza wajukuu zake.

"Alipiga," akasema mwishowe.

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umekuja bila kupiga simu, unaniuliza habari za shule, na yule anakutazama kama ameona mzimu. Amesema nini?"

"Victoire, mpe pasipoti yake. Mwache asome. Mimi sijamwambia mtu. Nimekuja kwako kwanza."

"Mimi niliingia kwa mama mkwe wangu nikiwa na miaka ishirini na mbili," Victoire alisema taratibu. "Nilichota maji, nililala kwenye mkeka, nilipigwa na mwiko. Nimekufa? Hawa wanakuja na ndege, wanaoga maji ya moto, na bado wanalia. Siku akishajua barabara ataondoka, na mtoto wangu atabaki na nini?"

"Wewe ndiye ulimshika mkono yule mama mahakamani."

"Yule alikuwa anauawa. Huyu ni nyumba yangu."

Walibishana kwa sauti ya chini, kwa sababu ya watoto. Mwishowe Victoire alikubali, au alisema amekubali. Jumatatu angemwandikisha shule. Alimsindikiza Léontine mpaka kwenye lifti na kumkumbatia. Léontine alirudi nyumbani akijilazimisha kuamini.

Alhamisi simu haikulia. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Léontine alikaa na mikono mapajani. Saa kumi na robo alisimama, akaenda chumba cha pili, akamweleza Elsa kila kitu, tangu bomba la maji hadi lifti.

Elsa hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Ulikwenda nyumbani kwake?"

"Ndiyo."

"Na msichana alikuona huko, umekaa na mama mkwe wake."

"Ndiyo."

"Basi tangu Jumamosi anaamini kwamba hakuna aliye upande wake." Elsa akachukua simu. Léontine alimsikia akizungumza na watu wa ustawi wa jamii, kisha na polisi, akitaja anwani ambayo yeye Léontine alikuwa ameitamka dakika chache kabla. Léontine aliogopa, na hakujua kama ni kwa ajili ya Asifiwe au kwa ajili ya Victoire.

Polisi walimkuta Asifiwe siku iliyofuata, saa tano asubuhi. Simu yake ilikuwa imechukuliwa jioni ya Jumamosi. Tangu siku hiyo alikuwa hajatoka nje ya mlango, na kwenye meza ya sebule palikuwa na tiketi ya kumpeleka kwa dada wa Victoire huko Brussels, Ubelgiji, Jumapili. Alitoka na mfuko mmoja wa nguo. Hakuaga. Alipelekwa mahali ambapo hata Elsa hakuelezwa ni wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kanisani walisema Léontine ameiuza nyumba ya rafiki yake kwa Wazungu. Wengine, hasa wasichana, hawakusema kitu, lakini walimpisha kwenye benchi. Vainqueur alirudi na lori akakuta mke hayupo. Alikaa kwa mama yake siku tatu, akahamia kwa rafiki, na akawa hapokei simu za mama yake. Shirika lilimwondoa Victoire. Kikaratasi chake kilibanduliwa kwenye maktaba, kikaandikwa kingine chenye maneno machache na makosa zaidi.

Gaëlle aliwaita wote kwa Dativa. Victoire hakuja.

"Tulikuwa na sheria moja tu," Gaëlle alimwambia Léontine.

"Niliishika sheria hiyo. Kwa sababu hiyo msichana alikaribia kusafirishwa."

"Alikubeba mgongoni."

"Najua."

Dativa alikuwa akilia kimya kimya, akijifuta kwa kona ya kitenge. Hakuna aliyempigia kura mtu wala kumfukuza. Ila hawakukutana tena mwezi uliofuata, wala uliofuatia.

Elsa naye hakumwachilia hivi hivi. Alimwambia hatashika simu tena, kwa sababu siri ilitoka kupitia kwake, hata kama alikusudia mema. Angeweza kubaki kupokea nguo za msaada kama anapenda. Léontine alisema anapenda. Akawa anakwenda kila Alhamisi baada ya kazi, akikunja makoti ya watoto na kuyapanga kwa umri.

Mwezi wa Pili alimwomba Elsa apeleke neno kwa Asifiwe kupitia njia zinazoruhusiwa, kwamba anaomba msamaha. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Asifiwe alikuwa ameanza shule. Kibali chake kilikuwa kikishughulikiwa na wakili. Kuhusu yule mama mwenye sauti ile, alisema hataki kuongea naye.

"Hajasema hatataka kamwe," Elsa aliongeza. "Amesema hataki."

"Ni haki yake," Léontine akajibu, akaendelea kukunja.

Alikutana na Victoire mara moja tu, mwezi wa Tano, kwenye uwanja wa Skärholmen, mbele ya meza za matunda. Victoire alikuwa amezeeka ghafla, nywele hazijasukwa. Walisimama huku watu wakiwapita na mifuko yao.

"Vainqueur hajanipigia tangu Krismasi," Victoire alisema bila salamu.

"Pole."

"Ungenigombeza. Ungekaa pale sebuleni hata siku tatu unanigombeza, mpaka nielewe. Ulikaa saa moja ukaondoka."

Léontine alitaka kusema kwamba hata ile saa moja hakustahili kukaa. Alitaka kumwuliza kama anakula vizuri.

"Nisingekuja kabisa," alisema. "Ningemwambia Elsa siku ileile. Huo ndio ubaya niliowafanyia wewe na yule msichana, kuja kwako."

Victoire alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akageukia meza, akaomba nyanya kilo mbili kwa Kiswidi chake kilichonyooka, na Léontine akasubiri kidogo, akitumaini atageuka tena. Muuza nyanya alipima, akafunga mfuko. Victoire akaupokea na kuondoka kuelekea kituoni.