Mafuta ya Upako kwenye Bati Tupu

Bati lililokatwa upya halimngojei mtu, hasa pale Clairwood, kusini kabisa mwa Afrika, ambako upepo wa bandarini huja na chumvi yake. Ukilisugua kwa grenda asubuhi likang'aa kama sahani ya harusi, mchana utalikuta limeanza kugeuka rangi ya chungwa. Hilo nilijifunza peke yangu, kwa kukata vipande sita vya bati, kuvitundika ukutani na kuandika saa chini ya kila kimoja. Kile nilichokishika kwa mikono yenye jasho kilipata kutu kwanza, tena kwa umbo la vidole vyangu vitano. Wenzangu waliniuliza kama ni hirizi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Gereji ilikuwa ya Mkongo mmoja wa Bukavu, tuliyemwita Patroni. Alikuwa mtu mwema, ila kuhusu kutu alikuwa na imani moja tu: kutu ambayo mteja haioni haipo. Tulikuwa tumepaka rangi teksi moja juu ya kutu, kwa amri yake, na baada ya miezi mitatu ikarudi imevimba malengelenge. Aliyetoa amri alisahau. Aliyepuliza rangi alikumbukwa.

"Mtanzania," aliniambia, "gari moja tena ikirudi na vipele, utapanda ndani yake na mutaenda pamoja mpaka Tanga."

Hakucheka. Gari lililofuata lilikuwa kombi ya kanisa la Wakongo waliokuwa wakisali katika ukumbi wa kukodi mjini. Ukingo wa chini ya milango ulikuwa umeliwa pande zote mbili. Shemasi wao, mtu mrefu mwenye tai hata siku za kazi, alikuwa na hakika kwamba kutu ile imetumwa na kanisa lililojitenga nao. Nilifungua ukingo wa kushoto nikakuta matundu ya kutolea maji yamezibwa na maganda ya karanga, kiasi cha bakuli zima, kazi ya kwaya. Nilimwonyesha. Akasema adui hana haya, hutumia hata karanga.

Siku ya Ijumaa nilikata bati bovu, nikachomelea jipya, nikasugua mpaka likawa jeupe. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kinachofuata ni praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla ya chai na kabla ya salamu. Lakini shemasi alifika na wanakwaya kutazama kazi, nami nikaona ni nafasi nzuri ya kuwaelimisha kwa nini bati tupu lisicheleweshwe. Nilieleza unyevu, nikaeleza chumvi, nikawapeleka kwenye vile vipande vya ukutani. Nilipomaliza kueleza ubaya wa kuchelewa, nilikuwa nimechelewa: sala ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Nikaenda msikitini nikaliacha bati tupu.

Niliporudi, watu kumi walikuwa wameizunguka kombi, viganja vyao vyote juu ya bati langu. Shemasi alikuwa na chupa mkononi. Bati lilikuwa likimeremeta.

"Fundi, usikuwe na wasiwasi," aliniambia. "Kutu haitagusa tena hii gari. Tumeifunga."

"Mmeifunga kwa nini?"

"Kwa mafuta ya upako. Pasta mwenyewe aliibariki. Ni ya zeituni, haiko ile ya kupikia."

Nilimwambia kwa adabu kwamba praima haishiki kwenye mafuta, yawe ya zeituni au ya alizeti, na kwamba itabidi niyafute kwa thina ya kuyeyushia rangi.

Shemasi aliikumbatia chupa kifuani.

"Unataka kufuta upako na thina?"

"Eish," alisema mwanakwaya mmoja. "Na ni Muislamu tena."

Patroni alinivuta nyuma ya milango chakavu. "Paka tu juu yake."

"Itabanduka."

"Itabanduka siku gani?"

"Kabla ya Krismasi."

"Bon. Basi tuko na wakati."

"Na ikirudi?"

"Utaenda Tanga."

"Na nikifuta?"

"Watatosha gari yao hapa leo, wapeleke kwingine, na za waumini wote. Utaenda Tanga leo."

Nilisimama na kitambaa mkononi nikitafuta njia ya tatu, na katika madaftari yote niliyoandikia majaribio yangu haikuwemo. Ndipo alipoingia mke wa mchungaji. Alikuwa na saluni mjini, na alikuwa amepita kuitazama kombi. Watu wote walimweleza kwa pamoja. Aliwaacha wamalize, akapitisha kidole kwenye bati, akakisugua na gumba.

"Nani alimwanga hii yote? Upako ni tone moja. Mulitaka kukaanga samaki?"

"Mama, ni juu ya ile kutu," alisema shemasi.

"Ngoja. Nyie wasichana, kucha ikiwa na mafuta, rangi inashika?"

Waliangalia kucha zao, ambazo zote zilipakwa kwake. "Hapana, mama."

"Tunafanya nini mbele ya kupaka?"

"Tunafuta."

"Na yule mwenye tunafuta kucha, anakuwa mpagani?"

"Lakini mama, upako..."

"Upako ulishaingia, shemasi. Hii yenye imebaki juu ni mafuta ya duka. Fundi, lete kitambaa."

Nilimpa vitambaa viwili na kuanza kueleza kwamba kimoja ni cha kulowesha na kingine cha kukausha kabla thina haijapaa. Alikuwa ameshaanza, na alikuwa akifanya hivyo hivyo, akifuta kwa mwelekeo mmoja. Wanakwaya wakaimba polepole. Shemasi alivichukua vitambaa baadaye akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwonya kwamba thina inaweza kushika moto. Akanijibu kwamba moto anaujua.

Lazima niandike na hili. Karibu na gurudumu la nyuma palikuwa na sehemu ya upana wa vidole vitatu ambayo chupa haikuifikia. Tayari ilikuwa ya chungwa. Penye mafuta hapakuwa na doa.

"Nilisema nini?" Shemasi aliita kila mtu aje aone.

Nilisema mafuta yoyote huzuia unyevu, hata grisi. Hakuna aliyenisikiliza, na kusema kweli nisingejisikiliza mimi mwenyewe. Nikapiga msasa ile sehemu, nikafuta, nikapaka praima ukingo mzima bila kufungua mdomo.

Jumamosi asubuhi, Patroni akiwa amesimama nyuma yangu, nilipima kama praima imeshika: niliichanja kwa wembe, nikabandika utepe wa gundi juu yake, nikaukandamiza, nikauvuta kwa nguvu. Alininyang'anya ule utepe. Akautazama kwenye mwanga, mbele na nyuma.

"Iko safi," alisema.

"Itakaa."

"Kuanzia leo, wakikuja kuomba, waombe juu ya rangi. Na weye, ukitaka kufundisha watu, fundisha brashi ikiwa kwa mkono."

Nikachukua grenda, nikaenda kukata ukingo wa kulia. Kopo la praima niliweka karibu na mguu, likiwa limefunguliwa.