Mfereji Gani

Siku ambayo meli ilipanda mlima katika shule yetu ya Langas, mtaa wa Eldoret, ilikuwa Ijumaa ya muhula wa tatu, na jua lilikuwa limetoka vizuri baada ya wiki nzima ya mvua. Meli yenyewe ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, umepasuliwa na kukunjwa, na bendera ya karatasi juu yake. Darasa la saba lote lilikuwa limepiga magoti kwenye matope. Mimi nilisimama nyuma yao na chaki mkononi, nikijifanya nimepita tu kuuliza kwa nini kipindi changu cha Kiswahili hakikuwa na mtu hata mmoja.

Mwenye makosa alikuwa Mwalimu Rotich. Alifundisha Social Studies, mtu wa Kaptagat, mrefu, mpole, na sweta yake ya kijani aliivaa mpaka viwiko vikatoboka. Mtaala ulimpa somo moja tu la usafiri wa majini. Yeye alilichukua hilo somo moja akakaa nalo muhula mzima. Alitaka watoto ambao hawajawahi kuona bahari waelewe jinsi watu walivyoikata nchi ya Panama katikati, ili meli zitoke Atlantiki ziingie Pasifiki bila kuizunguka Amerika ya Kusini yote. Maneno hayakumtosha, kwa hivyo akawapa majembe.

Wakachimba kutoka nyuma ya vyoo mpaka karibu na ofisi ya walimu. Dimbwi la upande wa vyoo likaitwa Atlantiki na la upande wetu likaitwa Pasifiki, jambo ambalo sisi walimu tulilishukuru. Katikati palikuwa na mwinuko. Aliwauliza wangefanya nini na kilima hicho, nao wakajibu kwa sauti moja kwamba wangekichimba mpaka kiishe. Akawaambia Wafaransa walifikiri hivyo hivyo. Walichimba miaka na miaka, udongo ukawa unaporomoka na kujaza walikochimba, na mbu wakawamaliza kwa malaria na homa ya manjano, mpaka wakaacha. Wamarekani waliokuja baadaye waliamua kuipandisha meli. Unaiingiza kwenye chumba cha maji, unafunga lango nyuma yake, unaongeza maji, inainuka. Unafungua lango la mbele, inaingia chumba kingine. Aliwakumbusha jinsi reli inavyopanda polepole mpaka Timboroa kabla ya kuteremka kuja kwetu.

Hakuwaficha kwamba wachimbaji walikufa kwa maelfu, wengi wao watu weusi kutoka visiwa vya Karibiani. Msichana mmoja akauliza sisi wa Eldoret hayo yanatuhusu nini. Rotich akamwambia kuna mfereji mwingine upande wetu, Suez, na ukifungwa, meli zinazotoka Ulaya kuja Mombasa hulazimika kuizunguka Afrika yote.

"Hata hiyo sweta ya mitumba umevaa," akasema, "imepitia mfereji ndio ikufikie."

Neno hilo, mfereji, ni mimi niliyempa. Alikuwa amekuja mezani kwangu kuuliza canal ni nini kwa Kiswahili. Nilimwambia, akaenda akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MFEREJI WA PANAMA. Darasa likaangua kicheko. Kwa watu wa Langas, kama ilivyo kote huku bara, mfereji ni ile chuma ya maji unayozungusha kwa mkono ukiweka ndoo chini.

"Mwalimu, meli inapita aje kwa mfereji?" wakamuuliza.

Nililichukua jambo hilo kama la kwangu binafsi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa aina ile inayokera, ya kusahihisha hata mahubiri. Nilikwenda darasa hadi darasa nikiwafundisha kwamba ile chuma ya maji jina lake ni bilula, na mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa. Aliyekosea alisimama mpaka kengele. Watoto wakanibatiza Mwalimu Bilula, nami nikalivaa jina hilo kama nishani. Baada ya mwezi mmoja hakuna mtu katika shule ile aliyesema mfereji akimaanisha kitu kingine isipokuwa mtaro wa Rotich. Rotich mwenyewe alikuwa akinipita kwenye korido na kuniomba, kwa heshima zote, nimfungulie bilula anawe mikono. Nilimpenda. Sikuwa nimemwambia, nikidhani muda upo.

Mtu wa tatu katika mambo haya ni baba yangu, Mzee Ndirangu. Alitoka Nyeri akiwa kijana na alikuwa na duka dogo la simiti na misumari hapo hapo Langas. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika, akitembea alikuwa anainama upande kama aliyebeba ndoo. Aliposikia kwamba kuta za vyumba vya maji zinaporomoka, alitoa mifuko miwili ya simiti iliyokuwa imeshika unyevu, akaja na mwiko wake, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi akapiga plasta yeye mwenyewe. Alibishana na Rotich kuhusu mchanga asubuhi nzima. Kuanzia siku hiyo Rotich alimwita Mzee wa Panama, na jioni nyingi nilimkuta dukani wakinywa chai, Mnandi na Mkikuyu, wakizungumzia malango.

Ijumaa ile mkebe uliingia chumba cha kwanza. Bati likashushwa nyuma yake. Wakamwaga maji, na mkebe ukapanda, polepole sana, mpaka bendera ikaonekana juu ya ukuta. Baba alikuwepo. Alivua kofia. Sijawahi kuwa na furaha kama ya asubuhi hiyo, na ninalisema hilo nikiwa mtu mzima niliyeona mengine mazuri.

Shule ikafungwa. Desemba ikaja na uchaguzi wake.

Nilikuwa mjini kwa rafiki yangu siku matokeo yalipotangazwa. Saa chache baadaye moshi ulikuwa umesimama upande wa Langas. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo, na watu wa kabila letu, waliolaumiwa kwa matokeo hayo, wakawa wanakimbilia kituo cha polisi na vitanda vyao mgongoni. Nami nilikimbilia huko. Baba alikuwa amekataa kutoka dukani. Alisema atafunga mlango na kungoja, kama alivyofanya miaka mingine.

Asubuhi ya siku ya tatu alinipigia akasema nyumba ya jirani inaungua.

Nilimpigia Rotich. Sikumaliza kueleza. Alisema ana rafiki mwenye pikapu, na kwamba wao wangepita vizuizini kwa sababu ya lugha yao. Tatizo lilikuwa duka kuwa barabarani, mahali pa wazi. Tukakubaliana Baba apite vichochoro vya nyuma mpaka shuleni, ndani ya ua ambako hakukuwa na mtu, na Rotich amngojee kwenye mtaro wetu nyuma ya vyoo.

Nikampigia Baba. Simu yake ilikuwa inalia kuonyesha chaji inaisha.

"Baba, toka sasa. Nenda mferejini. Rotich anakuja na gari."

"Mferejini?"

"Ndiyo, mferejini. Haraka."

"Haya."

Simu ikakatika.

Nilikaa chini kwenye nyasi za polisi. Nilimwambia mama mmoja aliyeketi karibu nami kwamba baba yangu yuko njiani.

Baada ya nusu saa Rotich alipiga. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mzee hajafika."

Nilimwambia haiwezekani, ametoka zamani.

"Ulimwambia aende wapi?"

"Mferejini."

Nikasikia pumzi yake.

"Nyambura. Mfereji gani?"

Baba hakuwahi kukaa katika darasa langu. Miaka thelathini alikuwa ameamka asubuhi akachukua mtungi akaenda mferejini, kwenye njia panda, ambapo Langas nzima iliteka maji. Siku hiyo, hapo ndipo vijana walipokuwa wameweka kizuizi kikubwa kuliko vyote.

Rotich hakungoja jibu.

Yaliyofuata niliyapata kwa Baba, vipande vipande, kwa miaka. Alifika karibu na njia panda akawaona, akajibanza nyuma ya kibanda cha makaa. Hakuondoka kwa sababu nilimwambia Rotich anakuja hapo na gari.

Rotich alikuja kwa miguu. Pikapu isingeweza kupita vichochoro, ilikuwa imebaki shuleni na dereva.

Alimshika Baba mkono. Wakarudi pamoja, kwa mwendo wa ile nyonga.

Walikuwa wamekaribia ua wa shule waliposikia watu nyuma yao.

Rotich akamwachia mkono. Alimwambia aendelee, asigeuke.

"Hawa ni vijana wa huku, Mzee. Wengine nimewafundisha. Wacha niongee nao."

Baba aliendelea. Hakugeuka. Alifika kwenye pikapu, dereva akamlaza chini ya magunia. Wakangoja.

Walisikia Rotich akizungumza Kinandi, kwa utulivu, kama anayeeleza somo. Halafu wakasikia mawe.

Rotich alifariki hospitalini siku ya pili. Wakati huo mimi na Baba tulikuwa kwenye hema la wakimbizi, na barabara ya kwenda Kaptagat haikuwa ya watu kama sisi. Hatukumzika.

Tulihamia Nyahururu. Nilirudi Eldoret kufundisha baada ya kumzika Baba, na sasa ninakaribia kustaafu. Kwa miaka mingi nimejaribu kupima nilichopoteza na kila mara kipimo kinaishia kwenye lile neno. Ningesema shuleni. Ningesema nyuma ya vyoo. Nilikuwa na maneno mengi kuliko mtu yeyote Langas, na nikachagua lile nililolifundisha mwenyewe, nikiwa na hakika kwamba kila mtu sasa alilijua kama nilivyotaka. Vijana wale ndio waliorusha mawe, sitawabebea mzigo wao. Lakini njia iliyompeleka Rotich mbele yao niliichora mimi.

Kwa aibu hiyo sikuwahi kwenda kwa mama yake. Kutoka mjini mpaka Kaptagat si safari ya kumchosha mtu, na mimi nilikaa miaka bila kuifanya. Sina sababu nzuri ya kueleza kwa nini nilikwenda mwaka huu. Nilivaa tu viatu Jumamosi moja nikaenda.

Nilimkuta akianika mahindi kwenye turubai mbele ya nyumba. Ana mwili mrefu wa mwanawe. Nilipomwambia nilifundisha na Rotich, alinikaribisha ndani akanimiminia chai ya maziwa. Nikamweleza yote niliyokuja kueleza, mtaro, bilula, simu, nikilia bila kujizuia, kwamba mwanawe alikufa kwa sababu mimi nilisema neno moja na baba yangu akasikia lingine. Nilimwomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja mikono mapajani.

"Hiyo mambo ya neno mimi sijui," akasema. "Waliniambia kijana wangu alirudi kuchukua mzee fulani. Hakuna mtu aliniambia iliendelea aje huko mbele. Huyo mzee alifika?"

Nilikiweka kikombe cha chai chini. Nilikuwa nimelilinda kosa langu muda wote huo, na pamoja nalo nikawa nimemnyima mama huyu kitu pekee alichokuwa akikisubiri.

"Alifika, Mama," nikasema. "Aliishi miaka tisa."

Alirudia yale maneno mawili, miaka tisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu. Akanyanyuka, akaufunga mlango ili kuku wasiingie, akakivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Alikuwa anafanya nini hiyo miaka yote?" akaniuliza. "Niambie polepole. Anza na ya kwanza."