Mgagani Wangu Umeng'olewa Eti Magugu

Jamani, nina hasira!

Natoka kliniki na mtoto, nakuta bustani yangu nyeupe.

Jirani yangu Baba Glori kasimama na jembe, anatabasamu.
"Mama Asha, nimekung'olea magugu."

Magugu?! Ule ni mgagani, mboga ya kienyeji! Mbegu kanipa mama kule Kibakwe, maana chainizi niliyopanda jua la Dodoma linaikausha. Ilibaki kidogo tu nivune mbegu.

Na hiyo chainizi iliyokauka kaiacha. Eti ndiyo mboga!

Namwambia, "Shemeji, ile mboga uliyorambia sahani kwangu juzi ndiyo hii."

Kauliza taratibu, "Kwa hiyo hakuna tena?"

Limebaki shina moja nyuma ya choo, limeanza kutoa mbegu. Nimelizungushia miba. Akilisogelea na jembe, mtaa mzima utasikia.

Ingekuwa wewe ungemfanyaje?