Mayai ya Treni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Jumamosi yangu inajulikana: asubuhi sokoni Anderlecht, huku ughaibuni, halafu kiti changu cha dirishani, na mtu yeyote asinisumbue. Sasa mwambie hayo binti yangu wa miaka tisa. Alinitoa sokoni na mifuko yangu mkononi, moja kwa moja hadi kwenye tamasha la sayansi la jiji.

Haja yake ilikuwa moja. Mwaka jana, kwenye tamasha hilohilo, yai lake lilipasuka mbele ya wenzake wa darasa, na tangu siku ile shuleni wanamwita Omelette, yaani kimanda. Mchezo ni huu: kila familia inapewa boksi na yai bichi, inalifungasha, kisha boksi linaangushwa kutoka ghorofa ya pili. Mwaka jana alikwenda na baba yake, fundi umeme asiyejua neno "labda". Wakashona parachuti. Parachuti ilitua salama kabisa. Yai lilikuwa limeshachomoka na kutangulia chini.

Mezani kulikuwa na pamba, mirija na karatasi. Wazazi wengine walikuwa wanapima kwa rula. Mimi na fizikia tuliachana sekondari, na hakuna aliyelia.

Lakini mayai nayajua. Nilipokuwa mdogo kule nyumbani, mama yangu alikuwa akija kwa treni kutoka Kamina hadi Lubumbashi, safari ya kurushwarushwa, na ndoo ya unga wa mahindi. Ndani ya unga, mayai. Tuliyachimba kama viazi, na sikumbuki hata moja lililopasuka.

Nikatoa kwenye mfuko wangu wa sokoni unga wa mahindi niliotoka kununua.

"Maman! Batu banaangalia!" akasema binti kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

"Baangalie. Banakuya kuangalia, non?"

"Lakini hii unga ni ya bukari!" Alikuwa anautetea ugali wake wa jioni.

"Leo ni ya sayansi. Fungula boksi."

Kijana wa koti jeupe aliyesimamia mchezo akautazama unga, akanitazama mimi. Akasema kwa Kifaransa kwamba vitu vya nyumbani vinaruhusiwa, ila mtoto aeleze vitalilindaje yai. Binti yangu akanigeukia. Nikaangalia dari. Jibu nililokuwa nalo ni kwamba bibi yake alifanya hivyo, basi.

Akaingiza ngumi ndani ya unga polepole, akaitoa. Kisha akaeleza, kwa Kifaransa safi, mkono mweupe hadi kiwiko: yai likisukuma, unga unasogea pande zote, kwa hiyo pigo haliangukii mahali pamoja. Kijana akaandika. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mwalimu wake.

Boksi likaanguka. Mfuniko ukaruka, wingu la unga likamfunika kijana aliyesubiri chini, ingawa kwenye koti lile halikuonekana sana. Binti akapiga magoti, akachimba kwa vidole viwili, akainua yai. Zima.

Nilipiga vigelegele, peke yangu katika jumba lile lote. Halafu maman mmoja nisiyemjua, juu kwenye ngazi, akanijibu. Mvulana wa darasa la binti yangu, aliyekuwa meza ya pili na mirija yake, akauliza kwa sauti ndogo kama unga umebaki.

Kwenye tramu binti yangu alilishika yai kwa mikono miwili.

"Lete nikushikie, upumzike."

"Hapana, maman. Utapasula."

"Mimi? Nani alileta unga?"

"Unga ni yako, merci. Yai ni yangu. Lundi naipeleka ku masomo." Jumatatu, yaani, shuleni, mbele ya wale wa "Omelette".

"Bichi?"

"Bichi. Bote baione."