Buibui wa Tanzania Pekee na Duara Langu

Mimi ni mtu wa Nyahanga. Darasa la nne lilinishinda, lakini nyumba ya wageni ninayo, lori ninalo, na shimo la dhahabu, yaani duara, ninalo. Tatizo ni jirani yangu Baba Shija. Nikinunua lori, ananunua lori. Nikifungua duara, anafungua lake pembeni. Nikipaka geti rangi nyekundu, lake linakuwa jekundu zaidi. Basi mtafiti aliyelala kwangu aliponionyesha picha ya buibui mwenye mgongo wa njano, akasema dunia nzima anapatikana Tanzania tu, kwenye miamba ya mbele ya Bugarama, nikajua buibui huyo Baba Shija hatamkuta dukani. Nikawasha pikipiki.

Mbele ya Bugarama, penye mawe makubwa, nikapiga hodi kwa Mama Kulwa, mkulima wa mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umepotea?"

"Mtu kama mimi hapotei. Nimefuata buibui."

Akacheka hadi akashika mlango. "Na tumbo lote hilo? Wamejaa stoo. Chukua hata ukoo mzima!"

Akanipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Nilipokuwa nafunga chupa niliyomtia buibui mmoja, akaniambia, "Ila usimpeleke machimboni. Akitanda utando mdomoni mwa duara, wachimbaji hawashuki. Wanasema ardhi imefunga mlango."

"Mama, hayo ni ya washamba." Kweli duara langu nililifungua siku aliyochagua mganga, lakini ule ni utaratibu wa kazi.

Kurudi nyumbani, nikamwita Baba Shija aone. Akatazama chupa, akasema, "Buibui wa chupa ni kama ng'ombe wa pichani."

Iliniuma. Nikaenda duarani, nikamwachia kwenye magogo ya mdomoni, aishi kwa heshima.

Asubuhi duarani, utando ulikuwa umeziba mdomo mzima. Masanja, msimamizi wangu, alikuwa amekaa pembeni na wenzake.

"Bosi, leo hatushuki."

"Mwamba wa dhahabu tumeukaribia, Masanja!"

"Mwamba upo, na utando upo. Utoe wewe."

Nikainua fimbo. Hapo nikakumbuka kwamba buibui huyu ni mali ya taifa. Uzalendo ukanishika mkono, nikaishusha.

Sasa nimeweka kibao: HIFADHI, na jina langu chini. Nilichojifunza ni kwamba dhahabu kila mtu anaweza kuwa nayo. Wachimbaji wangu wamehamia kwenye duara la Baba Shija, na nasikia wamefika kwenye mwamba. Jana alipita hapa na lori jipya, akasoma kibao, akacheka hadi akafuta machozi.

Wivu ni kitu kibaya sana.